Glibc au musl? Kwanza tazama mashine ni ya nani

Programu ya lugha ya C haianzi kwenye `main`. Kabla mstari wako wa kwanza haujaguswa, kipande kidogo kiitwacho `_start` kimeshapokea hoja za mstari wa amri, `__libc_start_main` imeshaitwa, na mambo ya kumbukumbu yameshatayarishwa. Kazi hiyo, pamoja na kuandika kwa `printf`, kuomba kumbukumbu kwa `malloc`, kusoma saa na kutafuta anwani mtandaoni, hufanywa na maktaba saidizi ambayo wewe hukuiandika. Kwenye Linux zinazoshindana khasa ni mbili: glibc na musl. Wengi wetu hapa visiwani hatuchagui. Tunachukua iliyokuja na Ubuntu na mambo yanakwenda, mpaka siku programu inapohamia mashine nyingine.

Nichukue mfano mmoja niutembeze mpaka mwisho. Kuna ghala la mwani Micheweni, Pemba. Mizani yake ya dijitali inatoa uzito kwa waya wa serial. Kisanduku kidogo, tuseme ruta iliyotiwa OpenWrt (Linux ya ruta) au kompyuta ndogo ya ARM, kinasoma uzito huo, kinachapa risiti ya mkulima, halafu kinatuma rekodi kwa laini ya simu mpaka kwenye seva iliyoko Mjini, Unguja. Hapo kuna programu mbili na mashine mbili, na mimi nasema hazihitaji maktaba moja. Kisanduku kipewe musl, seva ipewe glibc. Anayetaka kujua kwa nini, aendelee kusoma.

Zimetoka wapi

Glibc ni maktaba ya mradi wa GNU, iliyoanzishwa na Roland McGrath mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndiyo iliyomo kwenye Debian, Ubuntu na Fedora, kwa hiyo programu nyingi za Linux zilizokwishajengwa unazopakua mtandaoni zimejengwa juu yake. Ni kubwa, ina kila kitu, na inabeba mzigo wa miaka mingi ya kuahidi kwamba programu ya zamani itaendelea kufanya kazi.

Musl aliianzisha Rich Felker, na toleo la kwanza lilitoka 2011. Shabaha yake ni udogo, usahihi na urahisi wa kufungwa ndani ya programu. Alpine, Linux ndogo inayopendwa kwenye makontena (vifurushi vya programu pamoja na mfumo wake), iliihamia 2014, OpenWrt ikafuata 2015. Maana yake ni kwamba ukigusa kontena ndogo au ruta ya OpenWrt leo, umeshaigusa musl, ujue usijue.

Ukubwa, na bando linaloliwa

Maktaba unaweza kuiacha nje, programu ikaitafuta kwenye mashine kila inapoanza, au ukaifunga ndani ya faili la programu lenyewe. Hapa tofauti inaonekana kwa macho. Programu ya kuandika mstari mmoja tu, ikifungwa na glibc ndani yake, hutoka karibu kilobaiti 800. Ikifungwa na musl hutoka chini ya kilobaiti 30. Kwenye seva hakuna anayejali. Kwenye ruta yenye megabaiti 8 za hifadhi, tena inayopokea masahihisho kwa bando la simu ambalo mwenye ghala ndiye anayelinunua, tofauti hiyo ni kitu.

Lakini udogo siyo hoja yangu kubwa. Hoja ni kwamba programu iliyofungwa na musl ndani yake ni kama abiria aliyepanda boti na kapu lake la chakula: haimtegemei mwenyeji kwa chochote. Unalipeleka faili moja Micheweni, unalipatia ruhusa ya kuendeshwa, basi. Glibc haipendi kufungwa namna hiyo. Ukiifunga ndani ya programu inayoita `getaddrinfo`, yaani inayotafuta anwani ya jina la mtandao, kompaila itakuonya kwamba bado utahitaji maktaba za glibc za toleo lilelile kwenye mashine ya mwisho. Sababu ni kwamba glibc hutafuta majina ya watumiaji na ya mitandao kupitia vipande vya nje vinavyopakiwa wakati programu inaendeshwa. Musl haina mfumo huo, kila kitu kimo ndani.

"Kaka, faili lipo, mbona yasema halipo?"

Hili ndilo swali la simu kutoka Pemba. Kijana aliyeko kwenye kisanduku anaandika `ls`, anaiona `mizani`. Anaiendesha, anajibiwa:

`/bin/ash: ./mizani: not found`

Faili lipo kweli. Kisichokuwepo ni kipakizi chake, yaani programu ndogo inayoipakia yeye na maktaba zake kwenye kumbukumbu. Ndani ya programu iliyojengwa Ubuntu kumeandikwa kwamba ianzishwe na `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`, ambacho ni kipakizi cha glibc. Kwenye mashine ya musl hicho hakipo. Chake kinaitwa `/lib/ld-musl-x86_64.so.1`, na ndani ya faili hilohilo moja mna maktaba nzima ya C. Keneli, yaani moyo wa Linux, inapokikosa kipakizi inarudisha kosa lilelile la faili kukosekana, na mtu anaweza kuhangaika nalo asubuhi nzima akidhani amekosea njia ya folda. Kwa ARM majina ya vipakizi ni mengine, ila ugonjwa ni huohuo.

Glibc nayo ina kero yake, na ya kwake hutokea baina ya mashine mbili ambazo zote ni za glibc. Umejenga kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35. Seva ya mteja ni Ubuntu 20.04, yenye 2.31. Ukiendesha unaambiwa `GLIBC_2.34` haikupatikana. Namba hiyo inakuja kwa sababu glibc huliwekea kila jina la kazi zake (functions) alama ya toleo, na katika 2.34, iliyotoka Agosti 2021, maktaba ya nyuzi (threads, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja) iliyokuwa peke yake iliingizwa ndani ya libc, pamoja na mabadiliko kwenye `__libc_start_main` yenyewe. Kwa hiyo hata programu isiyofanya lolote inadai 2.34. Ya zamani inakwenda kwenye mpya, mpya haiendi kwenye ya zamani. Dawa ni kujenga kwenye mfumo mkongwe kuliko wote unaotarajia kuukuta, au kutumia kompaila ya `zig cc`, ambayo inakuruhusu kutaja toleo la glibc unalolenga, kwa mfano `-target x86_64-linux-gnu.2.28`. Ukifunga musl ndani, mjadala huu wote haupo.

Majina ya mtandao: hapa ndipo watu wanapoumia

Tofauti ninayoona inawapotezea watu muda kuliko zote haimo kwenye ukubwa wala kasi. Imo kwenye namna maktaba inavyouliza anwani ya mtandao.

Tuseme kisanduku cha Micheweni kina `resolv.conf`, faili la kusema majina yaulizwe wapi, yenye seva mbili za kuulizia. Ya kwanza ni ya ofisi ya Mjini, inafikiwa kwa VPN (njia ya faragha ndani ya mtandao), na ndiyo pekee inayoijua `seva.ghala`, jina la seva yetu. Ya pili ni 8.8.8.8, ile ya Google, imewekwa kwa tahadhari. Glibc inauliza ya kwanza. Isipojibu, inasubiri sekunde 5, ndipo iulize ya pili. Musl inauliza zote kwa pamoja na kuchukua jibu la kwanza kufika.

Kwenye mtandao wa kawaida mtindo wa musl ni mzuri, maana laini ikisuasua huna haja ya kusubiri. Lakini hapa 8.8.8.8 haiijui `seva.ghala`, nayo itajibu upesi na kwa uhakika kwamba jina hilo halipo. Kwa musl hilo ni jibu kamili. Kama VPN imechelewa kidogo, rekodi haitumwi. Kama VPN iko haraka, inatumwa. Matokeo yake ni programu inayofanya kazi asubuhi, inayokataa mchana, na inayorudi jioni, na kila mtu analaumu mnara wa simu.

Ukiijua, kuitibu ni jambo la dakika chache. Kwenye `resolv.conf` acha mstari mmoja tu, unaoelekeza kwenye `dnsmasq` ya kisanduku chenyewe, programu ya kujibu maswali ya majina, ambayo OpenWrt inakuja nayo. Ndani ya `dnsmasq` weka `server=/ghala/10.8.0.1`, au anwani yoyote ya huko ofisini, ili majina ya ghala yaende Mjini na mengine yaende nje. Mpangilio huo uko sawa kwa maktaba zote mbili, na kusema kweli ndivyo ingekuwa tangu mwanzo hata kwa glibc.

Jambo jingine dogo: musl kabla ya 1.2.4, ya Mei 2023, haikuweza kuuliza upya kwa TCP pale jibu la jina linapokuwa refu kupita kiasi. Ukikuta kontena la zamani linashindwa kupata baadhi ya majina tu, anzia hapo.

Saa, lugha na mpangilio wa majina

Mkulima amepima saa nne na nusu asubuhi, risiti inaandika 07:30. Watu huitupia musl lawama, na hapa naitetea. Tatizo ni kwamba data za kanda za saa hazimo kwenye kontena la Alpine mpaka uziweke, na pasipo data hizo maktaba zote mbili hurudi kimyakimya kwenye saa za UTC, ambazo ziko saa 3 nyuma yetu. Weka kifurushi cha `tzdata` na utaje `Africa/Dar_es_Salaam` (kanda ya Zanzibar peke yake haimo kwenye orodha, na haihitajiki). Ukitaka kuokoa nafasi, andika `TZ=EAT-3`, nayo inaeleweka kwa musl na kwa glibc bila faili lolote. Alama ya kutoa hapo ni sahihi: mashariki ndiyo inayoandikwa kwa kutoa.

Kwa vifaa vya biti 32 kuna jambo zito zaidi. Hesabu ya sekunde ya biti 32 inajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za kwetu. Musl ilihamia biti 64 moja kwa moja katika 1.2.0, Februari 2020, na OpenWrt ikaipokea kwenye toleo la 22.03. Kwa glibc uwezo huo upo tangu 2.34, lakini lazima uuombe mwenyewe kwa `_TIME_BITS=64` pamoja na `_FILE_OFFSET_BITS=64` unapojenga. Usipoomba, hupati. Kisanduku unachokitundika ukutani leo kinaweza kuwa kimesahaulika palepale ukutani mwaka 2038, kwa hiyo hapa musl inashinda waziwazi.

Kwenye lugha, glibc inashinda. Ina mpangilio wa `sw_TZ`, yaani Kiswahili cha Tanzania, na ukiiomba jina la siku inakupa "Jumamosi". Musl itakubali ukiitajia `sw_TZ`, haitalalamika hata kidogo, halafu itaandika "Saturday". Ukimya huo ndio unaoudhi. Kwa risiti ya watu wa Micheweni ninaona bora uweke mwenyewe safu ya majina saba ya siku ndani ya programu, uachane na maktaba.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni huu. Mizani inatuma kitu kama `ST,GS,+0042.35kg`, nawe unaisoma namba kwa `strtod`. Kama programu imeita `setlocale(LC_ALL, "")` na kompyuta ya glibc imewekwa Kitaliano, jambo lisilo la ajabu kwa kompyuta zilizopitia hoteli za pwani ya kaskazini, basi nukta si alama ya desimali tena. `strtod` inasoma 42, inaishia hapo, na mwanamama aliyebeba mwani anapoteza theluthi moja na ushei ya kilo kila gunia. Musl hutumia nukta daima. Umaskini wake wa lugha unakuwa kinga.

Halafu kuna kupanga majina. Glibc ikiwa na mpangilio wa lugha itakupa Asha, biubwa, Zuwena. Musl hulinganisha baiti kwa baiti, kwa hiyo herufi kubwa zote hutangulia: Asha, Zuwena, biubwa. Kwenye orodha ya skrini ni suala la sura tu. Kwenye hifadhidata ni hatari, kwa sababu faharasa za PostgreSQL hujengwa kwa kufuata mpangilio uliokuwepo siku hiyo. Ukilihamisha folda la data kutoka kontena la Debian kwenda la Alpine, faharasa za maandishi zinakuwa na mpangilio mmoja na maktaba ina mwingine, na mtu aliyemo kwenye jedwali anatafutwa haonekani. Glibc yenyewe ililifanya jambo hili 2018, ilipobadilisha kanuni za kupanga katika 2.28, na waliosasisha mfumo bila kuzijenga faharasa upya waliona cha moto. Kwa hiyo hamisha kwa `pg_dump`, inayoitoa data kama maandishi, kamwe usinakili folda.

Nyuzi na kumbukumbu

Programu ya kisanduku haina mambo mengi: inasoma, inaandika, inatuma. Ya seva inapokea maghala mengi kwa pamoja, na hapo nyuzi zinaingia. Glibc humpa kila uzi mpya rafu ya kumbukumbu inayofuata kikomo cha mfumo, mara nyingi megabaiti 8. Musl hutoa kilobaiti 128. Ukiwa na kazi inayotangaza safu ya kilobaiti 256 ndani yake, kwenye laptopu yenye glibc itakwenda vizuri miezi na miezi, na kwenye musl itakufa mara tu uzi utakapoiita. Ongeza kwa `pthread_attr_setstacksize`, au wakati wa kujenga kwa `-Wl,-z,stack-size=1048576`. Uzi mkuu hauhusiki, ndiyo maana majaribio ya mezani hayalioni kosa hili.

`malloc` ya musl iliandikwa upya katika 1.2.1 kwa kutanguliza usalama na kubana nafasi. Nyuzi nyingi zikiomba kumbukumbu kwa pamoja hupanga foleni, na kasi inaanguka vibaya. Glibc hugawa maeneo kadhaa, mpaka 8 kwa kila kiini cha prosesa kwenye mashine ya biti 64, na kila uzi una akiba yake ndogo tangu 2.26. Ni haraka, ila inakula kumbukumbu; seva yenye gigabaiti 1 inaweza kubanwa mpaka uweke `MALLOC_ARENA_MAX=2`. Kunakili kumbukumbu pia glibc huchagua njia inayofaa prosesa iliyopo. Kwa seva, basi, sioni sababu ya kuikimbia glibc. Na kama huko kuna Python, vifurushi vingi vilivyokwishajengwa ni vya glibc. Vya musl vipo tangu kanuni yake ilipowekwa 2021, lakini ukikosa kimoja utajenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo, na kontena dogo ulilojivunia linageuka karakana.

Nani anaziba tundu

Januari 2015 kulipatikana tundu la usalama kwenye glibc lililoitwa GHOST. Februari 2016 likaja jingine kwenye `getaddrinfo`. Oktoba 2023 likaja la `GLIBC_TUNABLES`. Kwenye seva ya Debian dawa ilikuwa `apt upgrade` na kuwasha upya, programu zote zikapona kwa mara moja, kwa sababu maktaba ilikuwa nje yao. Musl haina matundu mengi hivyo, lakini siyo safi: Februari 2025 kulitangazwa kosa kwenye `iconv` yake. Aliyeifunga ndani ya programu anapaswa kujenga upya kila programu na kuipeleka tena kila kisanduku. Kwa hiyo kabla ya kutawanya visanduku Pemba nzima, hakikisha una njia ya kuvifikia kutoka Mjini, na orodha ya kipi kina toleo gani. Asiye na hiyo orodha, simshauri afunge chochote ndani.

Leseni ni fupi. Musl ni MIT: taja tamko lao, umemaliza. Glibc ni LGPL: ukiiacha nje huna kazi kubwa, ila ukiifunga ndani ya programu ya siri lazima umpe mteja vipande vya kumwezesha kuiunganisha upya na glibc nyingine. Mteja wa hapa huenda asiulize, lakini ukiuza nje atauliza.

Ya chini yake

Kuna tabaka jingine, la msaidizi wa kompaila. Prosesa za ARM za zamani hazina amri ya kugawanya, kwa hiyo `a / b` inageuzwa kuwa mwito wa `__aeabi_uidiv`, uliomo kwenye libgcc ya GCC au compiler-rt ya LLVM. Chukua iliyokuja na kompaila yako, usipoteze usingizi. Libgcc ina leseni ya GPL yenye ruhusa maalumu, haiifanyi programu yako kuwa GPL. Kwa C++ angalizo ni moja: usichanganye libstdc++ ya GCC na libc++ ya LLVM ndani ya programu moja, kwa sababu `std::string` ya huku siyo ya kule. Wanaoandika kwa lugha ya Go bila cgo (njia yake ya kuita msimbo wa C), mjadala huu hauwahusu kabisa.

Ningejengaje

Kwenye laptopu ningebaki na glibc, kwa sababu vikaguzi vya kumbukumbu vya GCC vinapatikana huko kwa bendera moja ya `-fsanitize=address`, na Alpine havipo kwenye GCC yake. Seva ya Mjini ningeiweka Debian, maktaba nje, masahihisho ya usalama yaje yenyewe. Programu ya mizani ningeijenga mara mbili kila ninapobadilisha kitu: glibc kwa majaribio, kisha musl yenye `-static` kwa kupeleka. Kwa C tupu kwenye mashine ya aina moja na laptopu, `musl-gcc` ya kifurushi cha `musl-tools` inatosha, ila C++ haiiwezi. Kwa kisanduku cha ARM au MIPS tumia SDK (vifaa vya kujengea) ya OpenWrt ya toleo lilelile lililomo kwenye kisanduku.

Kabla ya kulituma faili, endesha `file mizani`. Ukiona neno `interpreter` likifuatiwa na njia ya kipakizi, halijafungwa, na likifika Micheweni simu itaita.